Historia na Kiingereza kwa simu moja: ushauri kwa walimu wa kidato cha kwanza na cha pili

Mwalimu mwenzangu, kama unasubiri projekta ndipo uanze kufundisha historia kwa teknolojia, utasubiri sana. Nafundisha historia na Kiingereza hapa Jinja, Uganda, na chombo kilichonifaa kuliko vyote ni simu inayorekodi sauti. Projekta tuliwahi kuazima. Watoto wakatazama filamu, wakapiga makofi, na wiki iliyofuata walipotakiwa kuandika, kurasa zikabaki nyeupe. Lakini mtoto aliyemrekodi mzee wa mtaani kwao, kisha akatakiwa kuyaandika maneno ya mzee huyo kwa Kiingereza, ana jambo la kusema. Kwa nionavyo, Kiingereza cha wanafunzi wetu hukwama kwa kukosa la kusema kuliko kwa kukosa sarufi.

Anza na kilicho karibu. Sisi tuna Mto Nile. Vitabu vinasema Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika hapa mwaka 1862 akayaona maporomoko aliyoyapa jina la Ripon. Niliwafungulia wanafunzi picha za setilaiti, nikawaambia wanionyeshe maporomoko hayo yako wapi. Wakavuta picha, wakasogeza, wakabishana, hakuna aliyeyaona. Kisha nikawaonyesha picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, niliyoipakua nyumbani: maji yanaruka juu ya miamba, povu limejaa. "Mwalimu, yameenda wapi?" Mtoto akiliuliza swali hilo mwenyewe, kazi yako imekuwa nyepesi. Jibu liko chini kidogo ya mto, kwenye bwawa la Owen Falls ambalo leo tunaliita Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Maji yalipanda nyuma ya bwawa, maporomoko yakazama.

Kutoka hapo tukaenda Walukuba. Wanaoijua Jinja wanajua kwamba mtaa huo walikaa wafanyakazi waliotoka kila upande, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Wazee wapo, wanapenda kuzungumza, ila mtoto akienda bila maandalizi atarudi na "ndiyo" na "hapana" tupu. Kwa hiyo tumia kipindi kizima kutunga maswali. Swali la "bwawa lilijengwa lini?" lifute, maana kitabu kinalijua. Wamuulize mzee baba yake alikuwa akirudi na nini kutoka kazini, jirani wa mlango wa pili alizungumza lugha gani, siku ya mshahara nyumbani kulipikwa nini. Kikundi cha wanne kinatosha: mmoja ameshika simu, mmoja anauliza, mmoja anaandika majina na miaka, na wa nne anasikiliza tu ili aliulize lililosahauliwa. Huyo wa nne usimdharau, mara nyingi ndiye anayeleta swali bora.

Msichana mmoja alimuuliza mzee kama utotoni aliwahi kuyasikia maporomoko. Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Usiku tulikuwa tunayasikia tukiwa tumelala. Halafu ikafika siku, maji yakanyamaza." Darasani msichana yule aliirudia sentensi hiyo kwenye simu, akaiandika kwa Kiingereza, akaifuta, akaiandika upya, akaja kuniuliza kitenzi kikae wakati gani, kwa kuwa mzee anasema leo juu ya jambo la zamani lililofuata jambo la zamani zaidi. Usemi wa taarifa nimeufundisha miaka mingi kwa mifano ya vitabuni, na sijawahi kuuliziwa kwa uchu namna ile.

Mzee huyohuyo alisema Malkia alikuja bwawa lilipoanza kujengwa. Wanafunzi waliposoma wakakuta alikuja kulifungua. Hapa ndipo historia yenyewe inapofundishika. Wengine walitaka kuyafuta maneno yote ya mzee kwa kuwa "amekosea". Nikawauliza: mtoto wa wakati ule angejua nini vizuri, na nini angesimuliwa tu na wakubwa? Wakajibizana mpaka kengele ikalia. Tarehe wakaichukua kwenye kitabu, sauti ya maji wakaichukua kwa mzee, na katika insha wakaeleza kwa nini wamefanya hivyo.

Zoezi jingine ninalokusihi ulijaribu ni taarifa ya habari ya redio. Tarehe 30 Novemba 1953 Andrew Cohen, gavana wa Kiingereza hapa Uganda, alimhamishia Uingereza Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, na Kabaka akarudi Oktoba 1955. Wape wanafunzi dakika mbili za hewani kwa Kiingereza, habari isomwe kana kwamba imetokea asubuhi hiyo. Kikundi kimoja kisome kama sauti ya serikali ya kikoloni, kingine kama mtu wa Mengo, makao ya Kabaka. Jambo ni lilelile, lakini maneno yanabadilika, na watoto wanasikia kwa masikio yao jinsi neno moja linavyochukua upande. Wakijisikiliza, matamshi wanayarekebisha wenyewe kabla hujafungua mdomo.

Sasa vikwazo. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na mimi sipingani na hilo. Tumia simu yako, au ile ya mzazi nyumbani siku ya Jumamosi, na umwandikie mwalimu mkuu barua mapema yenye jina la kazi na tarehe. Bando ni ghali, hasa tangu kodi ya asilimia 12 iwekwe kwenye data mwaka 2021, kwa hiyo pakua mara moja. Programu ya Kiwix ni ya bure, inakuwezesha kubeba makala za Wikipedia kwenye kadi ya kumbukumbu na kuzisoma bila mtandao hata umeme ukiwa umekatika, ilimradi simu ina chaji. Kama uongozi unaona mnacheza, waonyeshe mtaala mpya ulioanza mwaka 2020: kazi za darasani zina asilimia 20 ya alama za mwisho, na miradi ya namna hii ndiyo inayotakiwa.

Siku hizi insha nzima inaweza kuandikwa na mashine kwa sekunde chache. Dawa yangu ni kwamba sipokei andiko bila sauti yake. Nasikiliza kipande, nauliza, "Hapa mzee alikohoa, alikuwa anasema nini?" Aliyekwenda mwenyewe anajibu papo hapo.

Jambo moja lichukulie kwa uzito mkubwa. Ukigusa mwaka 1972, Wahindi walipopewa na Idi Amin siku 90 kuondoka nchini, au miaka ya vita iliyofuata, unagusa familia za watu. Kuna nyumba zilizopotea, kuna ndugu ambao hawakurudi. Mzee aombwe ruhusa kabla kitufe hakijabonyezwa, aambiwe sauti itasikilizwa na nani, na akisema "hapo acheni", simu izimwe. Rekodi isipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp hata kama ni nzuri kiasi gani.

Kila faili lipe jina siku hiyohiyo: mtaa, tarehe, kikundi. Nakili kwenye kompyuta ya shule na kwenye kadi nyingine inayokaa kwa mwalimu mwingine. Nakala ya insha mpelekee mzee aliyezungumza, na asiyesoma Kiingereza asomewe kwa Kiswahili na watoto walewale waliomhoji.