Tuipe uzito gani tofauti ya watoto katika kuchagua chekechea?

SWALI: Binti yetu anakaribia kutimiza miaka mitatu, nasi tumebakiwa na chekechea mbili za binafsi. Ya kwanza inasifika kwa kuwafundisha watoto kusoma mapema, lakini karibu wote wanatoka katika familia zenye asili na kipato kama chetu. Ya pili ina watoto wa asili, dini na hali mbalimbali, wakiwemo wenye ulemavu, ila haina sifa hiyo ya masomo. Mume wangu anasema mtoto wa umri huo hatambui tofauti hizo. Tuzingatie nini?

Mama wa binti mmoja

JIBU: Nianze na hoja ya mumeo, kwa kuwa nadhani ndiyo inayowakwamisha. Mtoto wa umri huo hutambua. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, waliwaonyesha watoto weusi wa kati ya miaka 3 na 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, na wengi wao wakamtaja yule mweupe kuwa ndiye mzuri. Hakuna aliyekuwa amewakalisha chini akawafundisha hivyo. Waliyaokota katika mazingira yao.

Hata hivyo, msiichague shule ya pili kwa sababu ya mchanganyiko peke yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki hupungua zaidi pale wanapokuwa na hadhi sawa, wanaposhirikiana kutimiza lengo moja, na pale wenye mamlaka wanapounga mkono jambo hilo. Katika chekechea, mwenye mamlaka ni mwalimu.

Kwa hiyo ombeni kukaa darasani asubuhi nzima, hasa wakati wa michezo huru. Mtazameni mtoto mwenye ulemavu: je, yumo mezani akifinyanga udongo na wenzake, au amewekwa pembeni na msaidizi wake huku wengine wakiimba? Mtoto akiuliza kwa sauti, "Kwa nini huyu haongei?", mwalimu humnyamazisha, au humjibu waziwazi kwamba mwenzake huongea kwa ishara, kisha akamwonyesha ishara moja? Mwangalie pia nani anafundisha na nani anafagia, kwani watoto huyasoma hayo kabla hawajajua herufi.

Kwa kuwa shule ni ya binafsi, ada yenyewe huchuja watoto. Ulizeni kama kuna ufadhili, na kama mtoto anayefadhiliwa huenda ziarani pamoja na wenzake. Ulizeni vilevile ni watoto gani waliokataliwa na kwa sababu gani. Jibu la swali hilo lina thamani kuliko picha zote za kwenye vipeperushi.

Kuhusu kusoma mapema, mimi singelipa uzito mkubwa. Nchini Ufini watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7, na husoma vizuri. Ninachowasihi ni kwamba watoto wengine wasiwe somo la binti yenu. Wao pia wana haki ya kuwa wanafunzi tu.

Shule ya pili ikishindwa katika mambo haya, nendeni ya kwanza bila kujilaumu, lakini mumtafutie binti yenu marafiki wa kucheza nao nje ya shule. Ikifaulu, mpelekeni huko. Kabla ya kulipa chochote, rudini siku nyingine pamoja na mumeo, ili naye ajionee.