Maswali ya Wasomaji: Kipaji ni Kimoja, Ugwiji ni Kingine

Swali: Kijiweni kwetu ubishi hauishi. Mmoja anasema mwanariadha mkubwa kuliko wote Tanzania ni Filbert Bayi. Mwingine anamtaja Juma Ikangaa kwa kuwa kazaliwa hapa Dodoma. Na tangu Alphonce Simbu wa Singida atwae ubingwa wa dunia wa marathoni, wa tatu hataki kusikia jina jingine. Tuwapimeje?
*Msomaji, Area C, Dodoma*

Jibu: Mnabishania mambo mawili kwa mpigo, ndiyo maana hamfiki. Kipaji kinaonekana kwa jinsi mtu alivyofika juu mapema na kwa namna aliyokimbia. Ugwiji unaonekana kwa alichoshinda, aliowashinda, na miaka aliyodumu. Pigeni safu mbili kwenye karatasi, kila jina lijazwe kote kuwili.

Kwenye safu ya kipaji, Bayi hana mpinzani nchini. Februari 1974 mjini Christchurch, akiwa na miaka 20, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, bila mtu wa kumwekea kasi, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. John Walker aliyemfuata naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Mei 1975 akavunja na rekodi ya maili kule Kingston, 3:51.0. Safu ya pili ndiyo ina mapengo. Walker aliichukua rekodi ya maili Agosti ileile. Olimpiki ya 1976 nchi za Afrika zilisusia, na hilo msimhesabie Bayi, ni siasa. Moscow 1980 alipata fedha kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, baada ya Bronisław Malinowski kumpita mzunguko wa mwisho.

Ikangaa, naye wa marathoni, alikuwa mtu wa kuvuta mbio tangu mapema ili wenye kasi ya mwisho wafike wamechoka. Mtindo huo una bei yake: wapinzani wasipochoka, unapitwa utepe ukiwa unauona. Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mwaka ule wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi sekunde moja tu. New York 1989 mtindo ulijibu: alishinda kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. Olimpiki alikuwa wa sita 1984 na wa saba 1988.

Simbu alikuwa wa tano Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, kisha dhahabu Tokyo 2025, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa 2:09:48. Msije mkasema muda huo ni wa polepole kuliko wa Ikangaa wa New York. Mbio za ubingwa hazina waweka kasi, na Tokyo ya Septemba ina joto na unyevu. Wala msilinganishe muda wa zamani na wa sasa bila kukumbuka viatu vya kasi vyenye bamba la kaboni, vilivyoenea kuanzia mwaka 2017 hivi.

Uamuzi wetu: kipaji Bayi, ugwiji Simbu. Wana Dodoma mtuvumilie.

Swali: Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni tatu tu. Anaweza kuwekwa juu ya Eliud Kipchoge?
*Msomaji, Manyoni*

Jibu: Kwa kipaji cha marathoni, ndiyo. Alishinda zote tatu: Valencia 2022 kwa 2:01:53, London 2023 kwa 2:01:25, Chicago 2023 kwa 2:00:35, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. London nusu ya pili aliimaliza kwa 59:45, yaani aliongeza mwendo pale wengine wanapokufa miguu. Kwa ugwiji, hapana. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akakosa timu ya Olimpiki 2012, akahamia marathoni 2013 na kutwaa dhahabu mbili za Olimpiki. Ajali ya Februari 2024 ilimnyima Kiptum nafasi ya kujaza safu hiyo. Kumjazia sisi kwa kukisia si haki kwa yeyote.

Swali: Mazoezi yanaweza kumshinda mwenye kipaji?
*Msomaji, Kondoa*

Jibu: Inategemea unauliza siku gani. Stefan Holm wa Sweden ana urefu wa mita 1.81, mfupi kwa mchezo wa kuruka juu, na aliruka tangu utotoni hadi akatwaa dhahabu ya Olimpiki 2004 kwa mita 2.36. Donald Thomas wa Bahamas alikuwa mcheza kikapu wa chuo aliyeanza kuruka juu 2006. Mwaka 2007 mjini Osaka, Thomas akawa bingwa wa dunia kwa mita 2.35, Holm akawa wa nne. Thomas ana kano ndefu ya kisigino, inayorudisha nguvu ya hatua ya mwisho kama springi. Ila hakupata tena medali ya dunia, na ya Olimpiki hakuipata kabisa.

Swali: Mwanangu ana miaka 13. Kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, anawaacha wenzake wote mita 100. Nitajuaje kama ni kipaji?
*Mzazi, Chamwino*

Jibu: Tazama mwili kabla ya muda. Mvulana aliyebalehe mapema ana misuli ambayo wenzake bado hawajaipata. Wakifika miaka 16 au 17 wanamkuta. Mpime urefu kila miezi mitatu, bila viatu, mgongo ukutani, saa ileile ya asubuhi kwa sababu kimo hupungua kidogo kutwa. Uliza na tarehe za kuzaliwa: darasa moja linaweza kupishana hata miaka miwili. Kama bado ana umbo la kitoto na anawaacha, hapo kuna kitu.

Uwanja upimwe kwa futikamba, si kwa hatua za mwalimu. Upepo wa huku unadanganya sana, hivyo mkimbize kwenda na kurudi, apumzike dakika 10 katikati, uchukue wastani. Mpima muda asimame mstari wa mwisho na aanze anapouona mkono wa mwanzishaji ukishuka. Akisubiri sauti anachelewa karibu sekunde 0.3, na mtoto anapewa muda mzuri asiostahili. Ukiulinganisha na muda wa mashine, ongeza sekunde 0.24.

Kisha mpe wiki nane za mazoezi, siku tatu kwa wiki, upime tena vilevile. Unachotafuta zaidi ni kiasi muda ulivyoshuka, si ule muda wa kwanza wenyewe, kwa sababu miili haiitikii mazoezi sawasawa. Akilalamika maumivu chini tu ya goti au kwenye kisigino, mpumzishe mpaka yaishe. Mfupa unaokua huvutwa na kano pale zinapojishikiza, na kumlazimisha huongeza uvimbe.