Bia haina povu? Weka pampu ya magurudumu kando

Ndugu yangu wa Kondele, Kisumu, unauliza kama unaweza kujaza upepo kwa pampu ya gari kwenye kegi yako ya plastiki ya lita 23, maana bia inatoka bila povu. Tafadhali usijaribu. Oksijeni iliyo katika upepo huo itaharibu ladha, na presha ya kawaida ya tairi inatosha kuipasua kegi.

Tumia sukari; chachu iliyo ndani ya bia itaigeuza kuwa kabonidayoksaidi, gesi inayoleta povu. Gramu 80 zilizochemshwa kwa maji kidogo zinatosha, ila subiri bia imalize kuchachuka: haidromita (kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki) isome namba ileile siku 3 mfululizo. Mimi niliwahi kufunga mapema; kitako cha kegi kikavimba hadi ikawa inayumba sakafuni. Nililegeza kifuniko polepole, uso nikiuweka mbali, gesi ikapiga mluzi muda mrefu.

Ukinunua mtungi wa kabonidayoksaidi, lazima uwe na regyuleta, kifaa cha kupunguza presha. Ndani ya mtungi kuna presha ya takriban baa 57 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na joto la Kisumu huizidisha. Kegi nyingi za plastiki hazistahimili hata baa 1, kwa hiyo soma kiwango kilichoandikwa kwenye yako. Valvu ya usalama ya kegi, ile inayotoa presha ikizidi, ikiwa imeganda kwa sukari, ioshe kwanza.