Kinyago kinaonekana bapa usiku: taa tuziweke wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma, tupo Newala. Mwezi wa nane tunashuka Mikindani kucheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, usiku, uwanja wa wazi karibu na bahari. Mwaka jana tulikodi pakeni 8 za LED (taa za umbo la kopo), muvinghedi 2 (taa zinazojigeuza zenyewe), mashine ya moshi na jenereta ya kVA 5 iliyolisha taa na muziki pamoja. Taa zote zilifungwa kwenye bomba moja mbele ya jukwaa, tukaweka bluu. Vinyago vikaonekana bapa kama picha ya ukutani, wachezaji wakawa wanajikwaa, taa zikazima kila besi ikipiga, nyingine zikawa zinametameta zenyewe. Video za simu nazo zina mistari. Mwenye vifaa anasema tuongeze muvinghedi 2. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, katibu. Hiyo hela ya muvinghedi msiitoe. Taa mlizokuwa nazo zilitosha, ila zilikaa mahali pabaya.

Chukua lipiko moja, yaani kinyago kimoja cha mapiko, mchana, lishike mlangoni mwa nyumba, jua likiwa usoni mwake moja kwa moja. Halafu ligeuze jua lilipige ubavuni. Mara ya pili utaona pua inatoka, mashavu yanajaa, na zile chale za usoni zinasimama. Mchongaji amechimba mti ili kivuli kikae kwenye mashimo yake. Taa ikitoka palepale anapokaa mtazamaji, kivuli chote kinajificha nyuma ya kinyago, na mtazamaji anabaki na rangi tupu. Ndiyo maana mkaona picha ya ukutani.

Kwa hiyo vunjeni lile bomba la mbele. Wekeni stendi mbili kila upande wa uwanja wa kuchezea, moja usawa wa mbele, moja usawa wa nyuma, taa zikiwa juu kama mita 3 na zikielekea ndani na chini kidogo. Pakeni 3 kushoto, 3 kulia. Zinazobaki 2 ziwe mbele, juu sana, na mwanga wake mdogo, tuseme asilimia 30, za kuondoa giza la moja kwa moja tu. Na pande hizo mbili zisilingane: kushoto weka asilimia 100, kulia 40. Zikilingana, kila upande unafuta kivuli cha mwenzake na mnarudi kulekule. Waliozoea kumulika dansi wanaijua habari hii siku nyingi. Jean Rosenthal wa Marekani, aliyemulika kazi za Martha Graham, alijulikana sana kwa mwanga wa pembeni, kwa sababu mwili unaocheza unataka kuonekana una unene.

Msizipeleke stendi mbali mkidhani mwanga utaenea vizuri. Taa iliyo mita 6 kutoka kwa mchezaji inampa robo tu ya mwanga ambao ingempa ikiwa mita 3. Watu wengi hudhani ni nusu.

Sasa hilo la kujikwaa. Wewe unajua kuliko mimi kwamba aliyevaa lipiko haoni kwa macho ya kinyago. Anachungulia mdomoni. Kitundu hicho kikipata taa ya mbele iliyo chini, au zile taa za kuweka sakafuni ambazo baadhi ya mafundi wanazipenda, mtu yule anakuwa kipofu kabisa na bado anatakiwa kurukaruka. Msiweke taa yoyote chini ya usawa wa kichwa upande anaoukabili. Kama mna mchezaji wa milonjo, anayetembea juu ya miguu ya miti, taa za juu zinaweza kumpata machoni yeye peke yake. Mwacheni apite na kujaribu kabla hamjazifunga kabisa.

Bluu iondoeni, au ibaki kwa kuingilia tu. Bluu kali inaumeza weusi wa ngozi zetu, na ule wekundu wa kinyago unakuwa kama majivu. Kwenye kontrola, kifaa cha kuongozea taa, ambako kila rangi huanzia 0 hadi 255, wekeni nyekundu 255, kijani kama 100, bluu 0 hadi 20. Mtapata rangi ya moto wa kuni, na jasho la mabega litang'aa. Mkikuta pakeni zenye taa nyeupe ya joto ndani yake, zichukueni hizo hata kama bei imezidi kidogo.

Jambo lingine halipo kwenye swali lako, lakini nimeliona likitokea. Kikundi kimoja kilifunga pazia jeupe nyuma ya jukwaa, na nyuma yake fundi akaacha taa ya kubadilishia nguo inawaka. Uwanja mzima ukaona kivuli cha mtu anavishwa kinyago. Wazee waliondoka wamekasirika, na haki yao: lipiko halina jina la mtu, anayelivaa hatakiwi kujulikana. Pazia liwe zito na jeusi, na huko nyuma tumieni tochi iliyoelekezwa chini. Kuhusu nini kionekane na nini kisionekane, waulizeni wazee wenu wa jando kabla ya kuniuliza mimi. Na kama vinyago vyenu vina chale za nta ya nyuki, taa za zamani za halojeni ziwe mbali navyo hata kwenye chumba cha kuvalia. Nta hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na huanza kulainika kabla ya hapo.

Twende kwenye umeme. Jenereta ya kVA 5 inatoa kama kilowati 4, na msiipeleke zaidi ya 3 kwa usiku mzima. Fanyeni hesabu: pakeni 8 kwa wati 150 ni 1,200. Muvinghedi 2 kwa wati 350 ni 700. Mashine ya moshi inapopasha inavuta 1,500. Hapo ni 3,400, muziki bado. (Namba hizi ni za kukisia, someni kibandiko nyuma ya kila kifaa.) Besi ikipiga, amplifaya inavuta ghafla, volti zinashuka kutoka 230, taa zinazima na kujiwasha upya. Huo ndio ugonjwa wenu. Muziki uwe na jenereta yake. Moshi uondoeni kabisa: Mikindani mwezi wa nane upepo wa kusi unavuma, moshi mtawapulizia wavuvi. Miguu ya wachezaji kwenye mchanga mkavu itatoa vumbi la kutosha kuonyesha miale ya taa za pembeni, tena bure. Mkiondoa na muvinghedi mnabaki na wati 1,200, na jenereta ile ile inakuwa kubwa kwenu.

Nondo ya ethi, ile ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ichimbiwe mpaka penye unyevu, maana mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Takeni na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30, lakini mumwite fundi umeme aangalie: kwenye jenereta nyingi ndogo nyutro (waya wa kurudishia umeme) haijaunganishwa na ethi, na hapo breka hiyo ni pambo. Soketi na ekstensheni zisilale chini. Usiku kuna umande wa chumvi. Kukipambazuka futeni taa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya bahari, kisha kikavu.

Kumetameta ni suala la waya wa DMX, ule unaopeleka amri za kontrola kwenye taa. Nadhani walitumia kebo ya maiki. Tumieni kebo yenyewe ya DMX, itoke taa hadi taa bila kugawanywa matawi, isilale pamoja na nyaya za umeme, na kwenye taa ya mwisho chomekeni plagi yenye rezista ya ohmu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3. Ni kitu cha bei ndogo sana, na mafundi wengi hawana.

Mistari ya video inatokana na taa za LED za bei nafuu, ambazo hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Anayerekodi aweke shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, na amkaribie mchezaji upande wa taa zilizo asilimia 100.

Lililobaki ni bango. Najua mfadhili atataka lake, mita 6 kwa 3, la plastiki. Hilo ni tanga, katibu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unalisukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, na ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Likifungwa kwenye stendi za taa, litaondoka nazo. Liwekeeni nguzo zake lenyewe mbali na watu, pipa la lita 200 lililojaa maji kwenye kila nguzo, na kamba za kuvuta mbele na nyuma. Au mwombeni achape kwenye kitambaa cha matundu. Hata pazia lenu jeusi lifungwe hivyohivyo, au liegemee ukuta kama upo.

Fikeni siku moja kabla. Mwezi wa nane jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na nusu saa baadaye ni giza, kwa hiyo mnaweza kuelekeza taa kisha watu wakaenda kuswali isha. Baada ya hapo mmoja avae lipiko, atembee pembe zote za uwanja, na wewe usimame mbele yake umwonyeshe vidole ahesabu. Taa atakayoilalamikia, hata kama wewe unaona imekaa vizuri, ndiyo ya kusogeza.