Maswali Yenu: Kijana wa "watu wa misheni" amekataliwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Chumbageni, Tanga, Mwanglikana. Mwezi uliopita nililetewa posa na kijana wa Bagamoyo. Baba mkubwa alimuuliza mshenga kabila la kijana, akajibiwa kwamba ukoo ule hujiita watu wa misheni. Baba mkubwa akasema mbele ya wote, "Basi hicho ni kizazi cha watumwa," na barua ikarudishwa. Mama ananiambia nisamehe, ninyamaze, yaliyopita si ndwele. Wenzangu kwenye kwaya wanasema utumwa yalikuwa mambo ya Waarabu, sisi Wakristo hayatuhusu. Je, nakosea kutaka jambo hili lisemwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukosei hata kidogo. Neno alilotamka baba yako mkubwa nalijua tangu utotoni, kwa sababu na mimi ni mtu wa misheni.

Bibi yangu mzaa mama alipoulizwa kabila alijibu, "Mimi wa hapa hapa," kisha akainamia mbuzi yake akaendelea kukuna nazi. Tulidhani hapendi kusumbuliwa. Alikuwa mzee sana alipotueleza kwamba mama yake alinunuliwa sokoni Unguja akiwa mtoto wa kufika mtu kiunoni, mapadre wakamvusha hadi Bagamoyo. Jina la kijiji chake alilisahau. Alibaki na neno moja tu la kwao, la kuita maji, na bibi alikuwa akilitamka kila alipotua ndoo. Nimewauliza watu wengi wa bara. Hadi leo sijapata anayelijua.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani; sisi wazao wao ndio watu wa misheni. Nawashukuru, maana bila wao nisingezaliwa. Lakini waliokombolewa haohao ndio walioyalima mashamba ya minazi ya misheni, chini ya kanuni kali, na hilo nalo nalifundisha darasani kwangu. Pale misheni kuna mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Wageni wakikiona hulia, wakidhani kilifunga watumwa. Wenyeji tunawaambia ukweli: inasimuliwa kwamba kilikuwa cha kumfungia punda. Minyororo ya watu imo ndani, kwenye makumbusho, na inatosha. Hatuna haja ya kuongeza chumvi.

Sasa hao wenzako wa kwaya. Kweli, Waarabu walifanya biashara hii, na Waswahili, na machifu wa bara waliouza mateka wao. Lakini mwaka 1455 Papa Nikolao wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia watu utumwani. Shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lilikuwa na shamba la miwa kule Barbados, na watumwa wa shamba hilo walichomwa kifuani chapa ya jina la shirika. Wajerumani, Wakristo, walitawala nchi hii miaka zaidi ya 25 bila kuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta huku bara ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Haiwezekani tuseme hayatuhusu. Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha kisiwani Gorée, Senegal, mwaka 1992, na Sinodi ya Kanisa la Uingereza ikaomba radhi mwaka 2006. Hakuna kati yao aliyemfunga mtu mnyororo. Walifanya kama Nehemia, aliyekiri dhambi za nyumba ya baba yake kama zake mwenyewe. Na tafadhali, kumbukumbu hii isiwe fimbo ya kumchapia jirani Mwislamu. Wangu mimi, tunayepelekeana futari, bibi yake naye alikuwa mjakazi.

Mama yako mheshimu, lakini katika hili sikubaliani naye. Kwanza, hayajapita: barua imerudishwa mwezi uliopita. Pili, anakutaka usamehe deni ambalo si lako. Aliyetukanwa ni kijana na wazee wake, na kusamehe ni kwao, wakiisha kuombwa. Soma Filemoni, ni ukurasa mmoja tu. Paulo hamwambii Onesimo, yule mtumwa wa Filemoni, anyamaze. Anamwandikia bwana wake waziwazi ampokee kama ndugu mpendwa, na kama kuna deni liandikwe kwenye hesabu yake yeye Paulo, atalilipa. Deni linaandikwa, mwanangu, ndipo lilipwe.

Usimkabili baba mkubwa peke yako. Mtumie shangazi, au mzee wa kanisa anayemheshimu. Posa iache kwanza. Waanze na lile neno, aambiwe kwamba limemuumiza mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba linatakiwa kuombewa radhi mbele ya walewale waliolisikia. Akikataa, mchungaji wako asikie. Kanisa linalotangaza ndoa madhabahuni haliwezi kukaa kimya watu wanapopangiwa madaraja ya damu.

Kisha mleteni huku. Mkitoka Tanga shukeni Msata, mpande gari la Bagamoyo. Nitawapokea pale misheni, penye ile njia ya miembe. Nitamwonyesha baba mkubwa daftari la ubatizo la nyumbani kwetu, ukurasa wa mama yake bibi, pale palipotakiwa kuandikwa majina ya wazazi wake. Pako wazi.