Maswali na majibu: Terahezi kiwandani

Nimesikia kuna viwanda vinavyopima rangi ya magari kwa "terahezi". Ni mdudu gani huyo?

Ni mawimbi ya ukoo uleule wa redio na mwanga, makazi yake yakiwa kati ya maikrowevu na infraredi. Wimbi la terahezi 1 hutetema mara trilioni 1 kwa sekunde, na urefu wake ni kama milimita 0.3. Wataalamu huhesabu kuanzia terahezi 0.1 hadi 10. Zamani walikuwa wakiliita eneo hili "pengo", maana ilikuwa shida kupata chombo cha kuyazalisha au kuyanasa.

Sasa yanapimaje rangi bila kuigusa?

Hapa ndipo penye utamu. Leza hurusha mmweko mfupi mno kwenye kipande kidogo cha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu), nacho hutoa pigo la terahezi. Pigo hilo likifika kwenye mlango wa gari, sehemu yake hurudi kutoka juu ya vanishi, sehemu kutoka pale vanishi inapokutana na rangi, nyingine kwenye praima, ile rangi ya msingi. Linalobaki hugonga bati na kurudi lote, kwani metali hailipitishi.

Mashine husikiliza miangwi hiyo. Kwa tabaka la mikromita 100 (sehemu moja ya kumi ya milimita), mwangwi wa chini huchelewa nyuma ya ule wa juu kwa kama pikosekunde 1, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde! Tabaka likiwa jembamba zaidi, miangwi hupandana, na hapo kompyuta ndiyo hukaa chini kuitenganisha kwa hesabu. Kipimo cha sumaku tulichozoea hukupa unene wa jumla tu, tena kwenye bampa la plastiki hakisemi lolote. Terahezi hukupa kila tabaka peke yake, hata rangi ikiwa bado mbichi.

Niko kiwanda cha dawa. Sisi inatuhusu?

Sana. Vidonge vinavyotakiwa kupita tumboni salama na kuyeyukia kwenye utumbo hutegemea utando wake. Ukivipima uzito kabla na baada ya kuvipaka, unapata wastani. Wastani haukuonyeshi ubavu wa kidonge uliopakwa kiduchu. Terahezi huchora unene wa utando kidonge kizima, na hakivunjwi.

Ni hatari kama eksirei?

Hapana. Fotoni ya terahezi 1 ina nishati ya elektroni-volti 0.004 hivi, ya eksirei ni maelfu kwa maelfu. Ya terahezi haina ubavu wa kung'oa elektroni kwenye atomu, na vifaa vya ukaguzi hutumia nguvu ndogo sana. Chunga macho yako na ile leza inayoyazalisha.

Naweza kuona ndani ya kopo la nyama?

Huwezi. Kopo litayarudisha mawimbi, na hata ukiitoa nyama nje, maji yake yatayameza. Kadibodi, plastiki, nguo na povu kavu hupenyeka vizuri. Baada ya ajali ya chombo cha anga Columbia mwaka 2003, NASA iliyatumia kukagua povu la tangi la nje. Nyuzi za kaboni nazo husumbua, maana hupitisha umeme.

Lakini huo uchu wa maji una faida yake. Mwaka 1995 Binbing Hu na Martin Nuss wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walipiga picha ya jani likiwa bichi, wakarudia lilipokauka, na tofauti ya maji ikaonekana wazi. Kwa kanuni hiyohiyo hupimwa unyevu wa karatasi.

Mbona basi hayajaenea?

Bei, na mwendo. Leza zake ni ghali, na vifaa vingi hupima nukta moja baada ya nyingine. Ukitaka kununua, usiridhike na sampuli ya muuzaji. Mpe kipande chako, chenye kasoro unayoijua wewe, na usimwambie iko wapi.