Barua kwa Mwanangu: Kuzidisha kwa Tatu

Ipoh, Malaysia, 20 Julai 2025

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako niliisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa sauti ili mama yako aisikie akiwa jikoni, na mara ya pili peke yangu barazani baada ya sala ya Isha. Umetueleza habari nyingi za Melbourne, baridi inayokuamsha kabla ya alfajiri, tramu inayokupeleka chuoni, na soko la Queen Victoria unakokwenda Jumamosi alasiri wachuuzi wanapokaribia kufunga na bei kushuka. Swali lako, hata hivyo, ni moja tu, nawe umeliweka katika mstari wa mwisho kama mtu anayeona haya kuuliza: “Baba, wewe uliacha lini kuzidisha kwa tatu?”

Mama yako hakulielewa. Mimi nililielewa papo hapo, kwa sababu kila Mmalaysia aliyesoma Australia kwa fedha ya wazazi wake anaijua hesabu hiyo ya kugeuza kila bei ya dola kuwa ringgit, sarafu yetu. Kikombe cha kahawa cha dola 5 hukioni kama kahawa. Unakiona kama ringgit 15, na ringgit 15 hapa kwetu zinanunua vifurushi kadhaa vya nasi lemak, ule wali wa tui la nazi unaofungwa kwa jani la mgomba pamoja na dagaa na kipande cha yai. Umesema ulisimama mbele ya pilipili ukazihesabu moja moja, kisha ukazirudisha. Umesema pia, tena kwa wepesi kana kwamba ni jambo dogo, kwamba wenzako wanapokualika kwenda kula mchana huwaambia umekwisha kula, ilhali hujala. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niache kazi nyingine zote za leo na kuchukua kalamu.

Jibu fupi ni kwamba sikuacha. Jibu hilo peke yake, hata hivyo, halitakusaidia, na pengine litakudhuru, kwa hiyo nivumilie nikusimulie lilivyokuwa.

Nilifika Melbourne Februari 1996, na wakati ule tulikuwa tukizidisha kwa mbili, kwa sababu dola moja ya Australia ilikuwa ikipatikana kwa pungufu kidogo ya ringgit mbili. Babu yako, ambaye unamkumbuka kama mzee wa bustani lakini ambaye maisha yake yote alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kuala Kangsar, alipiga hesabu ya miaka yangu mitatu yote katika daftari la mistari: ada, kodi ya chumba, vitabu, nauli ya kurudi nyumbani mara moja, na akiba kidogo ya dharura. Alinionyesha jumla usiku wa kuamkia safari. Ilitosha, na hakuna ringgit hata moja iliyobaki pembeni.

Julai 1997 sarafu ya Thailand ilianguka, na ringgit yetu ikafuata. Dola ya Marekani, iliyokuwa ikinunuliwa kwa ringgit mbili na nusu hivi, mwanzoni mwa Januari 1998 ilipita ringgit 4.80. Dola ya Australia nayo ilikuwa imeshuka mbele ya ile ya Marekani, na hilo lilitupunguzia kishindo kidogo, lakini hata hivyo kwetu ilikaribia ringgit tatu. Ada haikuwa imepanda hata senti moja pale chuoni, wala bei ya mkate haikubadilika dukani. Kilichobadilika ni kwamba ringgit zile zile za babu yako zilikuwa zikifika kwangu zikiwa zimepungua kwa theluthi. Namba unayozidishia wewe leo kama jambo la kawaida ndiyo iliyolifanya daftari lake kuwa karatasi tupu. Serikali iliifunga ringgit kwa 3.80 kwa dola ya Marekani Septemba ya mwaka huo, na wengi wetu tulipumua, lakini kufika Septemba kulikuwa na miezi mingi ya kula.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Januari, ambayo huko ni katikati ya kiangazi. Hapa kwetu katika jimbo la Perak jua huzama kati ya saa moja na saa moja na nusu hivi mwaka mzima, na mtu hukua akidhani ndivyo dunia ilivyo. Melbourne mwezi ule tulikuwa tukifuturu saa tatu kasorobo usiku. Sikulalamikia urefu wa siku, kwa sababu saumu ina mwisho wake na ina thawabu yake. Lakini ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu ye yote isipokuwa mama yako ni kwamba nilikuwa nimeanza kushinda njaa wiki nyingi kabla ya mwezi kuandama, na niliendelea baada ya Idi, nayo ile haikuwa ibada. Ilikuwa hesabu. Kila sahani niliizidisha, na kila nilipoizidisha niliona uso wa babu yako akiwa ameinamia daftari, nikarudisha sahani mahali pake kama wewe ulivyorudisha pilipili. Barua za nyumbani niliandika kwamba nala vizuri.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa bibi mzee, mjane, asiyejua lo lote kuhusu Ramadhani mpaka aliponiuliza kwa nini taa ya jikoni huwaka saa tisa na nusu usiku. Nilimweleza. Tangu siku ile, kila jioni nilimkuta ameketi mezani na bilauri ya maziwa baridi yenye Milo vijiko vitatu juu yake bila kukorogwa, kama wanavyokunywa wao, akiniuliza zimebaki dakika ngapi. (Kinywaji hicho, ambacho sisi tumekua nacho hata tunakidhani chetu, kilibuniwa huko huko Australia mwaka 1934 na Thomas Mayne; bibi yule ndiye aliyeniambia, nami sikumwamini.) Jioni ya kwanza nilianza, kwa mazoea tu, kutafuta bei ya bilauri ile kwa ringgit. Nilipomwona bibi yule ameangalia saa ya ukutani kwa makini kuliko mimi mwenye saumu, niliona haya kuendelea na hesabu yangu, nikanywa.

Baada ya Idi nilipata kazi ya kuosha vyombo katika mgahawa, jioni nne kwa wiki. Hapo ndipo nilipogundua upande wa pili wa hesabu hii, ambao naona wewe nawe umeanza kuuonja tangu uingie katika kazi yako ya duka la mikate. Ile tatu inayofanya kahawa iwe nzito ndiyo hiyo hiyo inayofanya ujira uwe mzito. Nilipokusanya dola 200 za kwanza nilizidisha kwa furaha ambayo sikuwahi kuipata katika somo lo lote, nikazipeleka nyumbani, nikijua kwamba shangazi yako alikuwa na mitihani mwaka ule na kwamba fedha ya mitihani yake ilikuwa imemezwa na ada yangu.

Babu yako hakunishukuru. Barua yake ilikuwa na mistari minne, nami ninayo hadi leo. Alisema fedha imefika, shangazi yako amelipiwa, mama yangu ananisalimu, kisha akauliza: “Hizi umezitoa katika ujira au katika chakula?”

Nilichukua wiki tatu kujibu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba zimetoka katika vyote viwili, na sikutaka kumwandikia uongo mtu aliyeuliza kwa usahihi kiasi hicho. Nilipomjibu hatimaye, alinitumia amri, si ushauri, maana hakuwa mtu wa kushauri: chakula, dawa na joto nivihesabu kwa dola, kwa sababu mwili wangu upo mahali dola zilipo, vingine vyote nivizidishe nipendavyo. Viatu nilizidisha. Sinema nilizidisha. Tiketi ya ndege ya kuja nyumbani niliizidisha mara nyingi nisiweze kuinunua, na Idi mbili nilizila ugenini. Lakini mchele, mayai na samaki sikuvizidisha tena, na kama ndicho ulichokuwa ukiuliza, basi niliacha Aprili 1998.

Sasa nirudi kwako. Mwezi uliopita ulimtumia mama yako dola 150, naye alifurahi mpaka akawasimulia majirani, na sitaki kuivunja furaha hiyo. Lakini mimi nilikwisha kusoma barua inayosema huli chakula cha mchana. Kima cha chini cha ujira kwa mtu mzima huko tangu mwezi huu ni dola 24.95 kwa saa, na hapa kwetu ni ringgit 1,700 kwa mwezi; maana yake saa ishirini na tano za mtu huko zinafikia mwezi mzima wa mtu hapa, nami naelewa vizuri jinsi hesabu hiyo inavyomvuta mtoto mwema aone kila mlo wake kuwa ni kitu alichowanyang'anya wazazi. Hukutunyang'anya kitu. Ada yako tuliipanga kwa tatu tangu mwanzo, si kwa mbili kama babu yako alivyolazimika kufanya, na ndani yake tuliweka chakula chako, pilipili zikiwemo.

Kuhusu baridi, umeandika kwamba unalala na masweta mawili kwa sababu hita inakula umeme. Nyumba nyingi za zamani za Melbourne hazishiki joto, nakumbuka ukuta wa chumba changu ulivyokuwa wa baridi ukiugusa Julai. Washa hita. Bili ikija, nitumie picha yake.

Mama yako anataka kukutumia sambal ya dagaa, ile pilipili ya kusaga, kwa mkono wa binti wa jirani anayesafiri mwisho wa mwezi. Nimemwambia amwagize yule binti aitaje kwenye kadi ya forodha atakapofika, hata kama ameipakia vizuri, kwa sababu wale wa uwanja wa ndege hawana mchezo na vyakula. Saa za huko zitasogezwa mbele tarehe 5 Oktoba, nawe utatutangulia kwa saa tatu badala ya mbili, kwa hiyo ukitupigia baada ya kazi kumbuka kwamba sisi tutakuwa bado alasiri.

Zile dola 150, mwanangu, ulizitoa katika ujira au katika chakula? Nijibu kwa barua, kabla mama yako hajakupigia simu Jumapili.

Ni mimi baba yako